Kosa ni la Mtu, Si la Kabila Lake

Miongoni mwa maradhi yanayoidhoofisha jamii, hakuna lililo la hila zaidi kuliko tabia ya kumhukumu mtu kwa jina la kabila lake, taifa lake au lugha yake kabla ya kumjua yeye mwenyewe. Ugonjwa huu hauna homa wala kikohozi. Mwenye kuugua hudhani kwamba yu mzima, tena mara nyingi hudhani kuwa yeye ndiye mwenye macho makali kuliko wenzake. Husema: "Watu wa kule nawajua." Kumbe anachokijua ni jina tu, na yale aliyosimuliwa juu ya jina hilo.

Jambo hili lawahusu watu wote, lakini lawahusu zaidi wale waliokabidhiwa silaha na mamlaka ya dola. Raia wa kawaida akiwa na fikra potofu juu ya jirani yake, madhara yake huwa ni neno la kuudhi au salamu iliyonyimwa. Askari akiwa na fikra hiyo hiyo, madhara yake huweza kuwa pingu, mlango uliovunjwa, mtoto aliyelala mahabusu, au risasi isiyoweza kurudishwa katika mtutu. Ndiyo maana yafaa jambo hili lichambuliwe kwa utulivu, pasipo jazba, na kwa mifano ya mahali palipo wazi.

Mfano mmoja ulio karibu unapatikana katika nchi ya Malawi. Katika Wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 40 hivi kaskazini mwa mji mkuu wa Lilongwe, ipo kambi ya wakimbizi iitwayo Dzaleka. Zamani, wakati wa utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda, mahali hapo palikuwa gereza la kuwafungia wapinzani wa kisiasa. Hata jina lenyewe, katika lugha ya Kichewa, maana yake inakaribia kusema "nitakoma". Mwaka 1994, utawala wa chama kimoja ulipokwisha, na maelfu ya watu walipokuwa wakikimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu, mahali pale pa adhabu pakageuzwa kuwa mahali pa hifadhi. Kambi ilikusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000. Walio wengi wanatoka Kongo ya mashariki. Wengine wametoka Burundi na Rwanda, na wachache Ethiopia na Somalia. Lugha inayowaunganisha wengi wao sokoni, shuleni na katika nyumba za ibada ni Kiswahili.

Wakimbizi hao hawakukaa kambini wote. Kwa muda wa miaka mingi, baadhi yao walihamia Lilongwe na miji mingine, wakafungua maduka madogo ya vyakula, vinyozi, cherehani na biashara ya nguo. Katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, kama ule wa Kauma ulio ukingoni mwa Lilongwe, ambako jiji linasafishia majitaka yake, kila mwananchi hutafuta riziki yake kwa jasho. Hapo mgeni na mwenyeji hukutana kwenye biashara ndogo ndogo, ambako tofauti ya kwacha chache katika bei ya sukari au sabuni ni jambo kubwa. Na katika mitaa ya namna hiyo, mtu akifungua kinywa akasema Kiswahili, huwa amekwisha kutambulishwa. Watu wengi wa mjini huwaita wote kwa jina moja: "Maburundi". Mwenye kuitwa hivyo aweza kuwa amezaliwa Uvira au Bukavu, au hata akawa amezaliwa hapo hapo Dzaleka na hajapata kuiona Burundi kwa macho yake. Hilo halitazamwi. Jina limekwisha kutolewa, na pamoja na jina hutolewa sifa zake: ati ni matajiri wa siri, ni wauza silaha, ni watu waliokuja kunyang'anya biashara za wazalendo.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, na yafaa hatua zake zieleweke.

Hatua ya kwanza ni kuwakusanya watu wengi walio mbali mbali katika jina moja. Mwalimu, fundi cherehani, mjane na mhalifu hutiwa katika gunia moja na kufungwa kamba. Tangu hapo, atakayeongea juu yao haongei juu ya watu, bali juu ya gunia.

Hatua ya pili ni hesabu isiyo ya haki. Mtu wa kundi hilo akiiba, husemwa kwamba "ndivyo walivyo". Mwenziwe akiokota pochi na kuirudisha, husemwa kwamba "huyu si kama wale". Kwa hesabu hiyo, uovu wa mmoja huandikwa katika daftari la wote, na wema wa mmoja huandikwa katika daftari lake peke yake. Daftari la kundi litabaki kuwa jeusi hata kama watu tisini na tisa katika mia ni waaminifu. Na ikitokea mwizi ni mtu wa nyumbani, hapana asemaye kwamba wenyeji wote ni wezi. Huitwa kwa jina lake, hushtakiwa, na mambo huishia hapo.

Hatua ya tatu ni uvumi. Uvumi hauhitaji ushahidi. Wahitaji mdomo na sikio tu. Malawi yenyewe imeonja uchungu wake. Mwezi wa Septemba na Oktoba mwaka 2017, katika wilaya za kusini, zikiwamo Mulanje na Phalombe, zilienea habari kwamba wapo watu wanaonyonya damu za wenzao usiku. Makundi ya watu wenye hasira yaliweka vizuizi barabarani, na watu kadhaa wasio na hatia wakauawa. Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya hizo, na polisi wakawakamata watu zaidi ya mia moja. Hakuonekana mnyonya damu hata mmoja. Waliomwaga damu walikuwa ni hao waliodai kuilinda.

Hatua ya nne ndiyo ngumu zaidi kuitambua, kwa sababu huonekana kama ushahidi. Hapa jamii humtengenezea mtu hali fulani, halafu ikamlaumu kwa kuwa katika hali hiyo. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 juu ya Wakimbizi mwaka 1987, lakini ikaweka masharti yake katika mambo kadhaa, pamoja na haki ya kufanya kazi na haki ya kwenda atakapo mtu. Sheria ya Wakimbizi ya nchi hiyo ni ya mwaka 1989. Kwa mujibu wa utaratibu huo, mkimbizi anatakiwa kukaa kambini. Sasa mtu akikaa kambini bila ya kazi, husemwa kuwa ni mvivu anayesubiri unga wa msaada. Akitoka kambini akafungua duka, husemwa kuwa ni mvunja sheria anayewanyang'anya wenyeji. Akiendelea vizuri, husemwa kuwa fedha zake ni za wizi. Akifilisika, husemwa kuwa ni mzigo. Hakuna mlango hata mmoja anaoweza kupitia akaitwa mtu mwema. Pale ambapo kila jibu la mshtakiwa ni kosa, ni dhahiri kwamba hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya kesi.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa wenyeji peke yao. Wakimbizi nao huubeba katika mizigo yao. Katika kambi yenye watu waliokimbiana, yapo makabila ambayo bado hutazamana kwa jicho la pembe. Mkongo mwenye sura ndefu huulizwa kama kweli ni Mkongo. Mnyarwanda na Mrundi hupimwa kwa kabila kabla ya kupimwa kwa tabia. Na wapo wageni ambao nao huwasema wenyeji wao kwamba hawajui biashara na hawapendi kazi, hali wanakula mahindi yaliyolimwa na mikono ya wenyeji hao hao. Aliyeonewa hapati kinga ya kutowaonea wengine kwa sababu tu kwamba ameonewa.

Mambo hayo yote yangeweza kubaki maneno ya sokoni, kama yasingefika katika mikono ya dola. Mwezi Machi mwaka 2023, Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi na waomba hifadhi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na ikawapa hadi katikati ya mwezi Aprili. Tarehe 17 Mei mwaka huo, operesheni ya kuwakusanya ilianza Lilongwe, ikiwashirikisha polisi, jeshi, maofisa wa uhamiaji na wa magereza. Mamia ya watu walikamatwa, wakiwamo wanawake na watoto, na wengi wao waliwekwa kwanza katika Gereza la Maula mjini Lilongwe kabla ya kupelekwa kambini. Maduka yalifungwa na mali zikapotea. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake, hasa kwa kuwa kambi ilikuwa imekwisha kujaa mara nne au zaidi ya uwezo wake. Shirika la Human Rights Watch lililaani kuwekwa kwa watoto gerezani.

Ni lazima kusema kwa haki kwamba kila serikali ina wajibu wa kujua ni nani aliyemo katika nchi yake, na kuulinda usalama wa raia zake. Hapana askari anayepaswa kuona haya kwa kutekeleza sheria ya nchi. Tena si uongo kwamba katika makundi ya wakimbizi huweza kujificha watu waovu. Mwezi Desemba mwaka 2016 alikamatwa mjini Lilongwe mtu aliyetafutwa kwa tuhuma za mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwezi Januari mwaka 2019 akakabidhiwa kwa nchi yake. Lakini yafaa kutazama jinsi alivyopatikana. Alikamatwa kwa jina lake, kwa hati ya kukamatwa, na kwa tuhuma zilizoandikwa, kisha akafikishwa mahakamani. Hakukamatwa kwa sababu ya urefu wa pua yake, wala kwa namna anavyotamka herufi. Hiyo ndiyo kazi ya polisi. Kukusanya mtaa mzima ili kumpata mtu mmoja ni sawa na kulitia moto shamba zima ili kumwua panya: shamba huungua, na panya huwa amekwisha kuingia shimoni.

Tena mara nyingine msako wa namna hiyo huwashika waathirika na kuwaita wahalifu. Mwaka 2022, polisi wa Malawi, wakisaidiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu, walifichua biashara ya kuuza watu iliyokuwa ikifanyika katika kambi ya Dzaleka. Waliouzwa walikuwa ni wakimbizi na wahamiaji wenyewe: vijana wa kiume wa Ethiopia, pamoja na wanawake na wasichana kutoka Ethiopia, Burundi na Kongo. Mtu anayeamini kwamba kambi nzima ni pango la majambazi asingeweza kuwaona watu hao. Angeliona pango tu. Ili kuwaona, ilibidi afisa aketi, asikilize, na amtofautishe mnyonywaji na mnyonyaji.

Nchi ya Kenya nayo ilipata somo katika jambo hili. Baada ya mashambulio ya kigaidi, Aprili mwaka 2014, polisi na vikosi vingine waliendesha operesheni iliyoitwa Usalama Watch, hasa katika mtaa wa Eastleigh mjini Nairobi. Maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kisomali, walikamatwa, na wengine wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani wakisubiri vitambulisho vyao vikaguliwe. Wapo waliokuwa raia halali wa Kenya. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kuhusika na shambulio hilo. Na yule aliyepewa kifungo cha maisha hakuwa Msomali, bali alikuwa raia wa Tanzania. Askari aliyefundishwa kutazama sura ya aina moja tu angempisha mtu huyo kizuizini kwa salamu njema. Hapa pana hoja ambayo hata asiyejali haki anapaswa kuijali: ubaguzi humtia askari upofu. Humwonyesha hatari pale isipokuwapo, na kumfumba macho pale ilipo.

Aidha, askari hutegemea habari kutoka kwa wananchi. Mama muuza mboga ndiye ajuaye kwamba nyumba ya pili imepangishwa na watu wasiotoka mchana. Kinyozi ndiye asikiaye kwamba kuna bunduki inayotafutiwa mnunuzi. Mama huyo na kinyozi huyo wakikamatwa leo kwa kosa la kuwa wageni, kesho hawatasema neno. Jamii iliyodhalilishwa hufunga midomo, na ukimya wake huwa ndiyo nyumba ya mhalifu.

Wale wanaodhani kwamba maneno ni maneno tu hawana budi kuikumbuka Rwanda. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na kwa kalamu hiyo jamii yenye lugha moja ikafungiwa katika vyumba vitatu. Kasumba hiyo ya kikoloni haikuondoka pamoja na mkoloni. Mwezi Julai mwaka 1993 ilianza kutangaza huko Kigali redio iliyoitwa RTLM. Redio hiyo ilikuwa na muziki mzuri na mizaha ya vijana, na katikati ya mizaha hiyo Watutsi waliitwa "inyenzi", yaani mende. Watu wakacheka. Kisha wakazoea. Mende hana jina, hana mama, na hakuna anayeshtakiwa kwa kumkanyaga. Kati ya mwezi Aprili na Julai mwaka 1994, watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa, na katika vizuizi vya barabarani kile kitambulisho cha mkoloni kikawa ndicho hukumu. Mwezi Desemba mwaka 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri mmoja wa gazeti. Na ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, walibaki na vifungo vya miaka 30 au zaidi. Ulimwengu ukapata kujua kwamba kinywa nacho huweza kuwa silaha ya vita. Na ni mwaka huo huo wa 1994 ambapo kambi ya Dzaleka ilifunguliwa. Wapo wazee walioingia humo wakiwa wameyasikia matangazo yale kwa masikio yao. Hao wakisikia leo mtu akiita kundi zima kwa jina la dharau, hawacheki.

Wananchi wa Malawi nao wanayo sababu yao ya pekee ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa kwa vizazi vingi wao wenyewe wamekuwa wageni katika nchi za watu. Babu zao walikwenda kwa maelfu katika mashamba na migodi ya Rhodesia ya Kusini na Afrika Kusini. Mwezi Aprili mwaka 1974 ndege iliyowachukua wachimba migodi wa Malawi ilianguka Francistown, nchini Botswana, na zaidi ya watu 70 wakafa. Nyumba nyingi za Malawi zililia kwa ajili ya mkate uliotafutwa ugenini. Katika Afrika Kusini, mgeni Mwafrika huitwa "kwerekwere", jina linalodhihaki lugha yake kana kwamba si lugha bali ni makelele ya ndege. Mwezi Mei mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa huko katika mashambulio dhidi ya wageni. Mwezi Aprili mwaka 2015 mashambulio yalizuka tena Durban, na Serikali ya Malawi ikapeleka mabasi kuwarudisha raia wake nyumbani. Maneno yaliyosemwa dhidi ya Mmalawi kule Durban ni yale yale yasemwayo dhidi ya Mkongo kule Lilongwe: ati wamekuja kuchukua kazi zetu, ati ni wahalifu, ati warudi kwao. Kinachobadilika ni jina la anayesemwa.

Lakini upo pia ushahidi wa upande wa pili, nao wahusu majeshi moja kwa moja. Tarehe 28 Machi mwaka 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kuundwa kwa Brigedi ya Kujibu Mashambulizi katika Kongo ya mashariki, na askari wake wakatolewa na Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Mwezi Novemba mwaka 2018, katika mapigano makali na waasi wa ADF karibu na Beni, askari kadhaa wa Umoja wa Mataifa waliuawa, wengi wao Wamalawi. Mmoja wa Wamalawi hao alikuwa Private Chancy Chitete. Katikati ya risasi alimwona askari wa Tanzania aliyejeruhiwa vibaya na asiyeweza kusogea. Chitete alimburuta hadi mahali pa kujificha, akawa anamhudumia kwa kuzuia damu, na katika kazi hiyo akapigwa risasi. Yule Mtanzania alipona, Chitete akafa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia, baada ya kufa kwake, nishani ya ushujaa wa pekee, ambayo ina jina la Kapteni Mbaye Diagne, afisa wa Senegal aliyewaokoa mamia ya watu mjini Kigali mwaka 1994, na ambaye naye aliuawa akiwa kazini.

Yafaa kuyatafakari mambo haya kwa pamoja. Mmalawi alikufa katika ardhi ya Kongo kwa ajili ya Mtanzania, akiwalinda raia wa Kongo ambao ndugu zao wako Dzaleka. Pale porini, karibu na Beni, hakuuliza kama Watanzania wana kiburi, wala kama Waswahili wana maneno mengi. Aliona mtu aliyejeruhiwa, mwenye sare kama yake na damu kama yake. Ikiwa askari mmoja aliweza kuona hivyo chini ya mvua ya risasi, basi si jambo lisilowezekana kwa askari mwingine kuona hivyo katika kizuizi cha barabara, mchana, pasipo anayemrushia hata jiwe.

Je, askari afanye nini ili fikra potofu isimtawale? Mambo manne ni ya lazima.

La kwanza, aulize kosa kabla ya kuuliza kabila. Sheria za jinai huadhibu vitendo. Hakuna kifungu kinachotaja lafudhi, mkato wa uso wala rangi ya ngozi. Afisa asiyeweza kuandika katika daftari la kituo ni kitendo gani kilichofanywa na mtu aliyemkamata, huyo hajakamata mhalifu. Amekamata mtu tu.

La pili, apime amri na tuhuma kwa mizani moja kwa kila mtu. Kama mwenyeji asiye na leseni hutozwa faini na kuachwa aende zake, mgeni asiye na leseni asivunjiwe duka. Mzani unaobadilika kwa kutazama sura ya mteja ni mzani wa mdanganyifu, hata kama umewekwa mezani na serikali.

La tatu, achunge ulimi wake. Majina ya kejeli yanayotumiwa katika mabweni na magari ya doria huonekana kuwa ni mzaha wa kupitisha wakati. Lakini kuruta husikia, na kuruta huiga. Kamanda anayeyacheka majina hayo amekwisha kutoa amri bila ya kujua kwamba ameitoa.

La nne, akumbuke kwamba mtoto hana kabila la uhalifu. Operesheni iwe ya halali namna gani, mtoto aliyelala gerezani kwa kosa la kuzaliwa na mkimbizi atakua, na jambo la kwanza atakalolijua juu ya dola litakuwa ni nondo.

Na haifai ifikiriwe kwamba uadui kati ya mgeni na mwenyeji ni jambo la maumbile lisiloweza kuepukwa. Malawi yenyewe inalikanusha hilo. Wakati wa vita vya Msumbiji, nchi hiyo iliyo miongoni mwa nchi maskini sana duniani iliwapokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja, hata ikafika mahali kwamba mtu mmoja katika kila kumi waliokuwa nchini alikuwa mkimbizi. Wengi walikaa vijijini pamoja na wenyeji, wakagawana mashamba na visima, na baada ya mapatano ya amani ya mwezi Oktoba mwaka 1992 wakarudi kwao. Hali kadhalika, tangu mwaka 2014 hufanyika kambini Dzaleka tamasha la muziki na sanaa liitwalo Tumaini, lililoanzishwa na mshairi mkimbizi kutoka Kongo. Maelfu ya Wamalawi huenda huko, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi, wakala chakula chao na kuwasikiliza. Mtu aliyelala katika nyumba ya mwenzake na kuamka salama ni vigumu kumdanganya asubuhi kwamba nyumba ile ni pango la majambazi.

Wahenga wa Kichewa walisema kwamba mgeni ndiye ajaye na wembe mkali. Maana yake ni kwamba mara nyingine mgeni huleta dawa ya tatizo lililowashinda wenyeji. Wahenga wa Kiswahili nao walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hizi mbili zilitungwa mbali mbali, na watu ambao pengine hawakupata kuonana, lakini zasema jambo moja. Wazee hao hawakuwa wajinga wa mambo ya usalama. Walijua kwamba katika wageni mia huweza kuwamo mwizi mmoja. Walijua pia kwamba kijiji kinachowafukuza watu tisini na tisa kwa sababu ya mmoja hubaki na maradhi yake bila ya wembe.

Kwa hiyo, pale Kauma au Nairobi, pale Kigoma au Goma, wajibu wa askari ni ule ule. Amshike mwenye kosa bila ya kumwogopa, na amlinde asiye na kosa bila ya kumwuliza alikotoka. Sare aliyovaa haikushonwa kwa ajili ya kabila moja. Ilishonwa kwa fedha za umma, ili kila aliye chini ya kivuli cha sheria, awe mwenyeji au mgeni, aweze kulala usingizi.